Kabla ya kununua skana ya nyumbani, fungua kwanza bahasha ya makaratasi

Dar es Salaam. Karatasi ya ultrasaundi aliyopewa mjamzito miaka michache iliyopita inaweza leo kuwa kipande cha kijivu kisicho na sura ya mtoto. Haikulowa wala haikuchanika. Ilikaa tu kwenye bahasha kabatini, ikafifia.

Sababu ni aina ya karatasi. Mashine nyingi za ultrasaundi huchapa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto badala ya wino, sawa na risiti ya EFD ya dukani. Karatasi hiyo hupoteza maandishi kadiri inavyokutana na joto na mwanga, na joto la Pwani haliisaidii. Wapo wanaokimbilia kuipiga lamineshi ili idumu, kumbe ndiyo wanaiua, kwa kuwa joto la mashine ile huweza kuigeuza nyeusi.

Familia yenye bahasha nene ya vitu vya namna hiyo, pamoja na kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa na picha za harusi ya babu na bibi, ina sababu ya kufikiria skana ndogo ya nyumbani. Tatizo ni kwamba dukani mtu huonyeshwa namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, wakati cha kutazama kwanza ni kilichomo ndani ya bahasha.

Kwa fomu au barua ya kawaida, simu inatosha. Google Drive kwenye Android na Notes kwenye iPhone zote zinaweza kuskani na kutoa faili la PDF. Simu huanza kushindwa kwenye picha inayong'aa, ambako taa ya chumba huacha doa jeupe, na kwenye kadi yenye mikunjo, ambako hata mkono wa mpigaji huweka kivuli. Skana ya kioo huilaza karatasi, huifunika na kutumia mwanga wake yenyewe.

Zipo pia skana nyembamba zinazovuta karatasi upande mmoja na kuitoa upande wa pili. Ni za haraka kwa mwenye rundo la karatasi safi. Lakini kadi ya mtoto iliyokunjwa miaka mitano, ambayo mikunjo yake imeanza kuachia, si ya kupitishwa huko. Ikikwama, itachanika.

Nyembamba, ila ina masharti

Katika kundi la skana za kioo za bei nafuu zinazobebeka, zinazojulikana zaidi ni Canon CanoScan LiDE 300 na LiDE 400, pamoja na Epson Perfection V39. Kila moja ina uzito usiofika kilo mbili na huchukua umeme wake kupitia waya wa USB unaoiunganisha na kompyuta. Haina adapta ya kuchomeka ukutani, hivyo umeme ukikatika, laptopu yenye chaji inaendelea na kazi. Jambo moja ambalo muuzaji anaweza asilitaje ni kwamba mashine hizi zinahitaji kompyuta. Mwenye simu pekee aachane nazo.

Wembamba wake unatokana na kihisi kinachoitwa CIS, ukanda wenye upana wa karatasi unaotembea chini ya kioo ukiwa na taa ndogo za LED. Ukanda huo huona vizuri kile tu kinachogusa kioo. Kadi ikiinuka kwenye mkunjo, au kitabu kinene kisipolala vizuri katikati, sehemu hiyo hutoka na ukungu. Kuibana kadi taratibu kwa kitabu kizito juu ya mfuniko husaidia.

Sharti la pili linawahusu wenye filamu za eksirei. Skana hizi humulika kutoka chini na kusoma mwanga unaorudi, wakati filamu huhitaji mwanga unaopenya kutoka nyuma, kama daktari anavyoibandika kwenye boksi lake la taa. Ukiilaza filamu juu ya kioo utapata giza tupu. Hata negativu za picha za zamani ni hivyohivyo. Kwa eksirei, ni afadhali kuiomba hospitali nakala ya kidijitali kwenye CD au flashi kuliko kutafuta skana.

Kuhusu namba za kwenye boksi, LiDE 300 hufikia dpi 2,400, yaani nukta 2,400 kwa kila inchi, huku LiDE 400 na V39 zikifika 4,800. Nyumbani ni nadra kuzihitaji. Kwa kadi au cheti, 300 zinatosha. Ukurasa wa A4 hapo tayari una pikseli karibu milioni 8.7. Ukipandisha hadi 600, pikseli huongezeka mara nne na faili huwa zito ipasavyo. Hizo 600, au hata 1,200, ziachiwe picha ndogo za pasipoti ambazo familia inataka kuzikuza.

Anayenunua iliyotumika aende dukani na laptopu yake. Aulize kama programu yake bado inakubali toleo la Windows alilonalo, kisha askani karatasi nyeupe tupu. Mstari wowote unaojitokeza juu hadi chini ni dalili ya uchafu au kihisi kibovu. Mwenye printa yenye kioo cha kuskani asinunue kingine kabla ya kujaribu hicho.

Siri isibaki steshenari

Kwa upande wa afya, sababu kubwa ya kuwa na skana huenda isiwe ubora wa picha. Kadi ya mjamzito hubeba majibu ya vipimo, kikiwamo cha VVU. Inapopelekwa kuskaniwa steshenari na kutumwa kwa WhatsApp ya dukani, nakala hubaki kwenye kompyuta ambayo kila mteja anaitazama. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti, ila ni wateja wachache wanaokumbuka kumwambia kijana wa steshenari afute faili mbele yao.

Skana ikishafika nyumbani, karatasi za joto zitangulie, yaani ultrasaundi, ECG na risiti za dawa, kwa sababu hizo ndizo zinazofifia. Vyeti vinaweza kusubiri wiki ijayo. Kila faili lipewe jina la mtu na mwaka, liwekwe nywila kama lina majibu ya vipimo, na nakala yake ikae kwenye flashi isiyotumika kwa mambo mengine. Kadi yenyewe irudishwe kwenye bahasha. Siku ya kliniki muuguzi bado ataiomba.