Pampu ya Tangi la Matumbawe Haizimwi Usiku

Swali limenifikia tena wiki hii, kwa maneno yaleyale: “Mtaalamu, usiku nizime pampu ya kuzungusha maji ili samaki wapumzike?” Hapana. Mwaka jana nilijibu hapana, na mwakani nitajibu hivyo hivyo.

Wanaozima wana hoja mbili, usingizi na umeme. Ya usingizi haina mashiko. Pono, ambaye Waswahili tumemfanya kipimo cha usingizi mzito, hulala mwambani huku maji yakijaa na kupwa usiku kucha. Wapo pono wanaojifunika utando wa ute na kuuchapa usingizi mkondo ukiwapita. Bahari ya Mombasa au Mafia haina swichi ya saa nne usiku.

Tazama basi kinachotokea tangini taa zikishazimwa. Mchana, mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya matumbawe hutoa oksijeni kwa nguvu ya mwanga. Giza likiingia kazi hiyo husimama, lakini kupumua hakusimami: samaki, matumbawe, mwani wenyewe na bakteria wa kwenye mawe, wote wanavuta. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 6.7 tu za oksijeni kwa lita, wakati maji yasiyo na chumvi hubeba zaidi ya 8. Akiba ni ndogo, na pa kuijazia ni mahali pamoja tu, usoni pa maji. Pampu ndiyo inayopandisha maji ya chini yakavute hewa na kutoa kabonidayoksaidi. Ukiizima usiku, umeizima saa inapohitajika kuliko zote. Alfajiri unakuta samaki wako juu wanatweta, kisha unaniuliza ni ugonjwa gani!

Matumbawe nayo hayana pa kukimbilia. Maji yakituama, tabaka jembamba la maji yasiyosogea huganda juu ya ngozi yao: uchafu hautoki, oksijeni haiingii. Tena mengi hunyoosha minyiri usiku kusubiri chakula kiletwe na mkondo, mkondo wenyewe ndio huo ulioukata.

Na umeme? Pampu ya wati 10 ikizimwa kwa muda wa saa 10 kila usiku, kwa mwezi umeokoa uniti 3. Taa zako zinakula zaidi ya hapo. Isitoshe, pampu iliyoshikwa na chokaa ikizimwa mara nyingi haiwaki tena.

Sasa ya kununua. Matumbawe laini yanataka pampu ambazo jumla yake husukuma ujazo wa tangi mara 10 hadi 20 kwa saa; magumu ya matawi kama Acropora, mara 30 hadi 50. Tangi la lita 300 la matumbawe laini, basi, ni lita 3,000 hadi 6,000 kwa saa, bila kuhesabu pampu inayorudisha maji kutoka tangi la chini. Nunua mbili ndogo, ziweke pande mbili mikondo igongane; moja kubwa itachimba mchanga na kuchuna nyama ya tumbawe lililo mbele yake. Yenye kidhibiti, punguza kasi usiku. Wakati wa kulisha, zima dakika 10, basi. Umeme ukikatika mara kwa mara kwenu, chagua inayokubali betri ya akiba.

Kila miezi 3 chomoa, loweka katika siki nyeupe na maji nusu kwa nusu hadi chokaa ilainike, toa rota, sugua kwa mswaki, suuza. Sabuni hapana, grisi hapana. Kilainishi chake ni maji. Ganda la sumaku likipasuka na kutoa kutu, tupa. Waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, tone lisiufuate hadi kwenye umeme.

Na kama kinachokukosesha usingizi ni mngurumo wa pampu sebuleni, pampu hiyo ni chafu. Ioshe, usiizime.