Fahamu: Bunduki za Vita katika Michezo ya Video
Miongoni mwa wapenzi wa michezo ya video imeenea dhana kwamba bunduki ya M1 Garand, iliyokubaliwa rasmi na jeshi la Marekani mwaka 1936, haikuweza kujazwa tena mpaka risasi zake zote nane ziishe. Na asili ya dhana hiyo ni michezo yenyewe, kwa kuwa katika Call of Duty ya mwaka 2003 mchezaji aliyebakiwa na risasi tatu hana budi kuzifyatua kwanza ndipo apate kutia nyingine.

Hakika haikuwa hivyo. Askari alivuta nyuma mkono wa bunduki ulio upande wa kulia, akabonyeza kitufe kidogo cha upande wa kushoto, na kibanio cha chuma kikaruka nje pamoja na risasi zilizosalia. Ilikuwa kazi ya taabu katikati ya mapigano, lakini iliwezekana.

Kosa kubwa zaidi, kwa rai yangu, limo katika Battlefield 1 ya mwaka 2016, ambamo silaha za kumimina risasi zimejaa kila handaki, ilhali aghalabu ya askari wa miguu wa vita vya 1914 hadi 1918 walifyatua risasi mojamoja; na Waafrika wengi waliowapigania Wajerumani hapa Tanga walishika Mauser za mwaka 1871, zenye baruti ya moshi mzito uliomfichulia adui mahali alipo mpigaji.

Watengenezaji na waibadili tarikhi wakihitaji, ila wamwarifu mchezaji waziwazi.