Askari kanzu akikusimamisha mpakani: kitambulisho kwanza, mzigo baadaye

Desemba 2024, eneo la Tegeta jijini Dar es Salaam, watumishi wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) walikuwa wakifuatilia gari lililodhaniwa kuingizwa nchini bila kufuata taratibu za forodha. Watu waliokuwa karibu wakaamini hao ni watekaji. Waliwashambulia, na mtumishi mmoja akafariki dunia.

Kisa hicho kinawahusu sana wanaovuka Namanga, Sirari, Holili au Busia na mzigo. Hofu ya mtu asiye na sare ina sababu zake: wapo matapeli wanaojifanya askari, na wapo askari wa kweli wasiotaka jina lao lijulikane. Lakini ukipiga kelele za "mwizi" unaweza kumuua mtu aliye kazini.

Sare si sharti la kukamata. Askari kanzu wapo Tanzania, Kenya na Uganda, na kukamata kwao ni halali kama kwa mwenzao mwenye kofia. Wala mpelelezi hana wajibu wa kujitangaza akiwa bado anachunguza. Anayekuuliza bei ya mitumba huenda ni mteja, huenda siye. Mambo hubadilika pale anapokushika au kukuzuia usiondoke.

Kwa upande wa Kenya, Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa na haki yake ya kunyamaza. Aruhusiwe kuwasiliana na wakili na watu wengine anaohitaji msaada wao. Afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ila muda huo ukiisha mahakama ikiwa imefungwa, husogea hadi siku inayofuata ya mahakama. Ndiyo maana aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala ndani hadi Jumatatu, na wenye nia mbaya wanaijua kalenda hiyo vizuri. Haki hizo ni za kila aliyekamatwa, hata Mtanzania aliyevuka asubuhi kuuza vitunguu.

Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari anayekuhoji ukiwa chini ya ulinzi akutajie kwanza jina na cheo chake, na uelezwe kosa kwa lugha unayoimudu. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Uganda, Ibara ya 23 ya Katiba ya 1995 inaruhusu hadi saa 48 kabla ya mahakama. Kwa hiyo pale Busia, hatua chache za mguu zinaongeza siku nzima mahabusu.

Sasa amesimama mbele yako. Sema: "Afande, naomba kuona kitambulisho chako." Upole si woga. Soma jina, namba na kituo chake, kisha mpigie simu mtu wako askari akisikia, utaje jina hilo na mnakoelekea. Akikataa kujitambulisha, omba mwende kituo cha karibu. Askari wa kweli hana shida na kituo. Tapeli atakutafutia kichochoro. Usikimbie wala usimsukume, kwani kumzuia askari kufanya kazi ni kosa peke yake, hata mzigo wako ukiwa safi. Mkifika, hakikisha tukio limeandikwa na uondoke na namba: OB kwa Kenya, RB kwa Tanzania.

Mzigo usiukabidhi njiani. Kinachochukuliwa kiorodheshwe, sheria ya Tanzania inataka stakabadhi yenye saini za mwenye mali na mashahidi. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, Kenya na Tanzania pia. Na kile cheti rahisi cha uasilia, cha bidhaa zisizozidi dola 2,000, kipige picha ubaki nayo kwenye simu. Karatasi ikishaingia mfukoni mwa mtu usiyemjua, bei ya kuirudisha anaipanga yeye.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Polisi wa nchi moja hana mamlaka ya kukukamata kwenye ardhi ya nchi jirani. Lakini katika vituo vya pamoja vya mpakani, kama Namanga, sheria ya Jumuiya ya 2016 inawaruhusu maofisa wa nchi jirani kufanya kazi ndani ya eneo la ukaguzi. Ukiwa uani hapo, ofisa wa upande wa pili anaweza kukukagua kihalali. Ukishatoka getini na kufika sokoni, hana mamlaka tena; anapaswa kupitia kwa wenzake wa nchi hiyo.

Kuhusu fedha, dhamana ya polisi Tanzania haiuzwi, na Kenya ukiweka fedha taslimu, dai risiti. Ukidaiwa "chai", piga TAKUKURU 113 au, kwa Kenya, tume ya maadili 1551. Malalamiko dhidi ya polisi wa Kenya yanapokelewa na IPOA, 1559. Watakuuliza saa, mahali, jina na namba ya gari.