Nyuzi Zimetolewa, Mguu wa Breki Bado

Wiki mbili hivi baada ya upasuaji wa mguu, nyuzi hutolewa. Mgonjwa hutazama kidonda, huona kimefunga, huvaa soksi, na kabla hajainuka huuliza: "Daktari, sasa si naweza kuendesha?" Kwa mtu wa Ndanai, kaunti ya Bomet, hilo si swali la starehe. Pengine alipasuliwa Tenwek, kule karibu na mji wa Bomet, au hospitali ya misheni ya Kaplong, na kliniki za kurudi bado zinamngoja. Matatu hujaza watu hadi magoti yanagusana. Na kama yeye mwenyewe ndiye dereva wa Probox, kila siku anayokaa nyumbani ni siku isiyo na hesabu kwa mwenye gari wala unga kwa watoto.

Huwezi kumjibu kabla ya kujua mambo mawili: mguu gani, na gari gani. Mguu wa kulia ndio wa mafuta na breki. Aliyepasuliwa wa kushoto na anaendesha gari la otomatiki anaweza kurudi barabarani mapema, mradi ameacha dawa kali za maumivu na anapanda na kushuka garini bila kushikwa mkono. Kwa dereva wa Canter ya kubebea majani chai mambo ni mengine. Klachi yake ni nzito, na kati ya vituo vya wakulima na kiwanda ataikanyaga kwenye kila kona, kila kilima na kila kundi la ng'ombe. Huyo mguu wake wa kushoto unafanya kazi sawa na wa kulia. Aliyepasuliwa wa kulia naye hana njia ya mkato, gari liwe la aina yoyote.

Asubiri hadi lini? Utafiti uliochapishwa 2003 uliwapima wagonjwa waliopasuliwa baada ya kuvunjika kifundo cha mguu wa kulia, wakakanyaga breki kwenye mtambo unaoiga gari. Ilichukua wiki tisa tangu upasuaji ndipo kasi yao ya kufunga breki ikarudi sawa na ya watu wazima wa afya. Mwingine wa 2008 uliwaangalia walionyooshwa mfupa unaochomoza kando ya kidole gumba, na wao walihitaji wiki sita hivi. Wiki zote hizo zinahesabiwa tangu siku ya upasuaji, si tangu siku ya kutolewa nyuzi, wala tangu siku maumivu yalipopungua. Tena huo ni wastani tu. Mwenye kisukari au anayevuta sigara, mifupa yake huunga polepole zaidi.

Watu hudhani shida iko kwenye kuendesha. Kuendesha polepole saa nne asubuhi, barabara ikiwa kavu, hata mguu unaouma unaweza. Kipimo ni ile breki moja ya ghafla. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari hula mita 22 kila sekunde. Mguu ukichelewa nusu sekunde tu, umeongeza mita 11, zaidi ya urefu wa Probox mbili. Kati ya Sotik na Ndanai, ndani ya mita 11 unaweza kumkuta mtoto anayetoka shule, ng'ombe aliyekata kamba, au bodaboda inayochomoka kwenye njia ya shamba bila kutazama. Mvua ikinyesha, na huku hainyeshi kwa msimu tu, gari litateleza mita zaidi hata breki ikishika.

Kuna jaribio ambalo unaweza kulifanya nyumbani, gari likiwa mahali tambarare, limezimwa na hendibreki imevutwa. Kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, kwa kuwa injini haiisaidii tena. Sasa weka mguu kwenye mafuta, mtu akae kando yako, na wakati usioutarajia aseme "Simama!" Hamisha mguu ukanyage kwa nguvu zako zote, kisha urudie mara nyingi. Angalia kama unakanyaga kwa wayo au unaiba kwa kisigino, na kama unauinua mguu wenyewe au unausaidia kwa mkono kwenye paja. Angalia zaidi kama unasita. Anayesita kwa kuwa anajua itauma amejijibu, hata kama mbele ya mkewe atasema yuko sawa. Anayefaulu naye aende kwanza kwa daktari, maana jaribio hili halioni kama mfupa umeunga.

Ukiwa na plasta au kile kiatu kikubwa cha hospitali kwenye mguu wa kulia, usijaribu kabisa. Kukivua ili uendeshe halafu ukivae tena ni kuuondolea mfupa ngao wakati ule ule unapoupa kazi nzito. Na ule ujanja wa kutumia mguu wa kushoto kwenye otomatiki? Mguu huo haujazoea kazi hiyo. Kwenye hofu, unaweza kukanyaga mafuta ukidhani ni breki.

Gambuti nalo liache nyumbani. Mguu uliovimba hulipenda kwa sababu ni pana, lakini upana huo hukanyaga pedali mbili kwa pamoja, na soli yenye matope huteleza. Kwenye mteremko tumia gia ndogo. Najua madereva wengi wanateremka na "free", gari likiwa halina gia, wakidhani wanaokoa mafuta, lakini hapo kazi yote ya kulishika gari inauangukia mguu wa breki, nao ukianza kukakamaa katikati ya mteremko huna pa kuupumzishia.

Tramadol na kodeini huleta usingizi na kupunguza wepesi wa akili. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaitaja dawa pamoja na pombe, kwa hivyo cheti cha daktari si kinga ukiwa umelewa dawa.

Kwa wa bodaboda hesabu inageuka. Kwenye pikipiki nyingi za huku, mguu wa kushoto ndio wa gia na wa kulia ni wa breki ya nyuma na wa kupiga kiki. Wowote kati ya hiyo ndio utakaoteremshwa kwenye tope pikipiki ikilala upande. Hakuna mguu wa akiba, kwa hiyo yeye asubiri kuliko wote.

Siku ya kwanza ukiruhusiwa, ondoka mchana, safari fupi, bila abiria, skwodi wako, yule dereva wa kukushikia zamu, akiwa kando. Mguu ukining'inia muda mrefu utavimba, kwa hiyo simama njiani utembee kidogo. Ukiona shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, au pumzi inakata, usiendeshe tena. Mpe skwodi funguo akupeleke hospitali iliyo karibu.