Kusoma Kiingereza chuo kikuu: mtoto wa Kasungami haanzi na mikono mitupu

Mtoto wa Kasungami, mtaa wa Lubumbashi, akimaliza sekondari na kutangaza nyumbani kwamba anataka kusoma Kiingereza chuo kikuu, swali la mzazi huwa lilelile: si heri alipiwe kozi ya miezi michache mjini, ajue kuongea, halafu asome sheria au uchumi? Swali hilo ni la haki. Ada na nauli ya teksi-basi ya kila siku hutoka kwenye mfuko uleule unaonunua unga. Anayelijibu hana budi kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kujifunza kuongea lugha, na kuisoma lugha kama fani.

Kozi ya mjini hufundisha matumizi: kusalimia, kuuliza bei, kuandika barua ya kuomba kazi. Chuo kikuu huifungua lugha ili mwanafunzi aone ilivyoundwa. Atasoma fonetiki, yaani jinsi sauti zinavyotolewa. Atachambua maumbo ya maneno na muundo wa sentensi. Atasoma fasihi na historia ya wenye lugha hiyo. Atafanya tafsiri, kisha ataandika kazi ya utafiti. Katika mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), ambao Kongo ilianza kuueneza katika vyuo vyake mwaka wa masomo 2021–2022, licence ni miaka 3 yenye krediti 180, na master ni miaka 2 yenye krediti 120. Anayelenga ualimu wa sekondari anaweza pia kupitia ISP, taasisi ya kuandaa walimu. Mwanafunzi anayedhani miaka hiyo yote ni ya mazungumzo hushtuka anapokutana na mchoro wa koo na ulimi katika wiki za mwanzo.

Lakini mtoto huyu hafiki darasani mikono mitupu. Kiswahili amekipata mtaani. Nyumbani huenda anasikia Kibemba, Kisanga, Kiluba au Tshiluba. Shuleni amefundishwa kwa Kifaransa, ambacho kifungu cha kwanza cha Katiba ya 2006 kinakitaja kuwa lugha rasmi, huku Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba zikiwa lugha za taifa. Kiingereza huwa lugha yake ya nne au ya tano, na tatizo lake kubwa ni mlango aliopitishiwa kukifikia. Sekondari alielezwa Kiingereza kwa Kifaransa, kana kwamba lugha nyingine anazozijua hazina la kusema.

Tuchukue mfano mmoja. Lubumbashi, fundi aliyeshika nyundo sasa hivi tunasema "eko anatumika": yuko kazini, tunamwona. Jirani aliyeajiriwa mgodini, hata kama leo ni Jumapili na amelala, tunasema "anatumikaka", kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake ya siku zote. Kiingereza kinadai tofauti hiyohiyo: wa kwanza "he is working", wa pili "he works". Kifaransa kwa kawaida hutosheka na "il travaille" kwa wote wawili, na huongeza maneno pale tu kinapotaka kukazia kwamba tendo linaendelea. Ndiyo maana mwanafunzi anayekifikia Kiingereza kupitia Kifaransa huandika "he works" hata kwa fundi aliye mbele ya macho yake. Tofauti aliyoihitaji ilikuwa kinywani mwake tangu utotoni. Ilikuwa katika Kiswahili kilekile anachoambiwa kuwa si safi.

Mlinganisho huo una mipaka yake. Kiswahili hakina vijineno kama "the" na "a". Hapo Kifaransa ndicho kinachosaidia, ingawa nacho hupotosha, kwani anayefuata "la vie est dure" neno kwa neno ataandika "the life is hard", na Kiingereza hakisemi hivyo. Kwa upande wa sauti, Kiswahili kina irabu tano tu, ilhali Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina irabu sahili zipatazo 12. "Ship" na "sheep" humchanganya Mswahili na Mfaransa vilevile. Dawa ni kulizoeza sikio. Anayechagua kusoma Kichina badala ya Kiingereza naye ana akiba yake: kama nyumbani wanaongea Kiluba au Kibemba, anajua tayari kwamba sauti ikipanda au ikishuka inaweza kubadili maana, kama ilivyo katika Kichina, jambo ambalo Kiswahili wala Kifaransa havimfundishi. Kazi ya mwalimu mzuri ni kujua lipi la kuazima kutoka lugha gani, na wapi pa kuacha kuazima.

Mji wetu una historia katika kazi hiyo. Chuo kikuu kilifungua milango yake mwaka 1956, Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville. Mwaka 1971, vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa kuwa UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire), masomo ya lugha na fasihi yalikusanywa Lubumbashi, na V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, akawa mkuu wa kitivo cha masomo hayo. Mbelgiji Edgar Polomé, aliyefundisha hapa kabla na wakati wa uhuru, alichapisha mwaka 1968 uchunguzi juu ya Kiswahili cha Lubumbashi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifundisha hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaja kuandika vitabu juu ya Kiswahili na utawala wa kikoloni. Walter Schicho wa Vienna alitoa mwaka 1982 kitabu kizima kwa Kijerumani juu ya sintaksia ya Kiswahili cha mji huu. Kwa mwanafunzi wa Vienna, lugha ya soko letu ndiyo lugha ya kigeni, na inastahili miaka yake ya masomo.

Na kazi je? Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, uko umbali wa kama kilomita 90, na upande wa pili karatasi zote ni za Kiingereza. Migodi ya Lualaba na Haut-Katanga ina wakubwa wanaoongea Kichina na Kiingereza. Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako mikataba mingi huandikwa kwa Kiingereza. Huko kote hatafutwi mtu wa kuongea tu. Anatafutwa anayeweza kusoma ibara ya mkataba na kuona kwamba kitenzi kimoja kinalazimisha na kingine kinaruhusu. Tafsiri ya fasihi nayo ina heshima yake: riwaya *Tram 83* ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi anayeishi Graz, Austria, ilipata mwaka 2017 tuzo ya kimataifa mjini Berlin, na tuzo hiyo alipewa mwandishi pamoja na watafsiri wake wawili wa Kijerumani.

Basi mzazi, kabla ya kulipa, uliza idara mambo mawili: wanafunzi wana saa ngapi za kuongea na kusikiliza kwa wiki, na je, tafsiri hufanywa kwa Kiswahili pia au kwa Kifaransa peke yake? Kama saa za kuongea ni chache, ile kozi ya mjini ina nafasi yake, lakini iwe nyongeza. Nawe mwanafunzi, tenga daftari lenye safu tatu: Kiingereza, Kifaransa, na Kiswahili unavyokisema nyumbani. Kila kanuni mpya ipitishe katika safu zote tatu, uone ni wapi zinakubaliana na wapi zinagombana. Muhula ukiisha utakuwa na sarufi ambayo hakuna kitabu kilichochapishwa Paris au London kingeweza kukuandikia.