Zakir Hussain na kitendawili cha tabla mbele ya okestra

ZAKIR Hussain, mpigaji tabla wa India aliyefariki dunia jijini San Francisco, Marekani, Desemba 15, 2024 akiwa na umri wa miaka 73, alisifiwa na wengi kwa kasi ya vidole vyake. Lakini kazi yake ngumu zaidi haikuhusu kasi. Ilikuwa kuitafutia nafasi ngoma inayofunzwa kwa mdomo na masikio, mbele ya okestra ambayo kila mwanamuziki wake hutazama karatasi.

Wapenzi wa taarab ya Mombasa hawahitaji kuelezwa mlio wa tabla. Marehemu Juma Bhalo aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na ngoma hiyo ni sehemu ya taarab ya aina hiyo. Huko, hata hivyo, tabla humtumikia mwimbaji. Nchini India nako, mpigaji wake alihesabiwa kwa muda mrefu kuwa msindikizaji tu. Babake Hussain, Ustad Alla Rakha, aliyempigia Ravi Shankar tabla kote duniani, ni miongoni mwa walioibadilisha hali hiyo.

Tabla ni ngoma mbili. Ile ya kulia ni ya mti na hutoa sauti nyembamba. Ya kushoto, aghalabu ya chuma, hutoa sauti nzito ambayo mpigaji huipandisha na kuishusha kwa kukandamiza ngozi kwa kiganja. Juu ya kila ngozi pana duara jeusi la unga uliochanganywa na vumbi la chuma. Duara hilo si pambo. Mwanafizikia C.V. Raman, aliyetuzwa Nobel mwaka wa 1930, alionyesha katika miaka ya awali ya utafiti wake kwamba uzito huo ndio unaozipa ngoma za Kihindi sauti yenye mlingano kama wa uzi wa kinanda, badala ya kishindo kitupu.

Kila pigo lina jina lake: dha, dhin, na, tin. Mwanafunzi huyatamka kabla ya kuyapiga. Hussain mwenyewe alizoea kusimulia kuwa alipozaliwa mjini Bombay (sasa Mumbai) mwaka wa 1951, babake alimnong'oneza sikioni midundo badala ya dua.

Mapigo hayo hupangwa katika mizunguko. Unaotumika zaidi, tintal, una mapigo 16. Mpigaji ana uhuru wa kupotea ndani ya mzunguko apendavyo, mradi arejee kwenye pigo la kwanza pamoja na wenzake. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mwenzake mmoja wa sitar anaweza kumtazama machoni na kumfuata. Wanamuziki 80 wa okestra hawawezi kufuata jambo ambalo bado halijaamuliwa.

Katika kundi la Shakti, aliloanzisha na mpiga gitaa Mwingereza John McLaughlin katika miaka ya 1970, tatizo hilo halikuwapo kwa kuwa watu walikuwa wachache. Lilijitokeza waziwazi mwaka wa 2006, yeye, Béla Fleck na Edgar Meyer walipotunga kazi ya watatu hao na okestra kwa ajili ya ufunguzi wa ukumbi mpya mjini Nashville, Marekani.

Mwaka wa 2015 alienda mbali zaidi. Symphony Orchestra of India ilicheza mjini Mumbai utungo wake wa tabla na okestra, Peshkar, jina linalotokana na sehemu ya ufunguzi ambamo mpigaji wa tabla hutandaza mawazo yake polepole. Okestra ilipewa noti. Tabla ikaachiwa nafasi ya kubuni papo hapo. Si ufumbuzi kamili, kwani nyuzi zikishikamana na karatasi huweza kugeuka pazia tu nyuma ya mpigaji. Lakini pale zinapoyachukua mapigo ya tabla na kuyajibu, msikilizaji husikia mazungumzo.

Februari 2024 Hussain alitwaa tuzo tatu za Grammy kwa usiku mmoja. Miezi kumi baadaye hakuwepo. Sehemu za fidla na tarumbeta katika Peshkar anaweza kuzisoma yeyote aliyefunzwa noti. Atakayekalia nafasi ya tabla lazima awe amekaa miaka mingi mbele ya mwalimu, tena awe na mambo yake mwenyewe ya kusema.