Mkono Unapotetemeka: Tuyafahamu Maradhi ya Parkinson

Mzee wa nyumba anapoanza kutetemeka mkono, wengi wetu husema ni uzee. Wengine husema ana pepo, na safari za kwa waganga zikaanza. Leo, enyi mama zetu na ndugu zetu, tungependa kueleza sababu moja inayosahauliwa mara nyingi: maradhi ya Parkinson, yaliyopewa jina la James Parkinson, tabibu wa London aliyeyaeleza mwaka 1817.

Ndani ya ubongo mna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuviongoza viungo kwa ulaini. Katika maradhi haya seli hizo hufa polepole, na dalili zinapodhihiri, nyingi huwa zimekwisha kufa. Hapo mkono hutetemeka hali umetulia, hatua hufupika, viungo hukakamaa, mwandiko huwa mdogo, sauti hufifia na uso hukosa bashasha. Asidhaniwe amenuna, huenda moyoni anacheka, ila uso haumtii. Aghalabu akili yake hubaki timamu kwa miaka mingi, naye huumia asemwapo mbele yake kana kwamba hasikii.

Bondia Muhammad Ali, ndugu yetu katika imani, aligunduliwa kuwa na maradhi haya mwaka 1984. Mwaka 1996, mkono ukitetemeka mbele ya ulimwengu mzima, aliuwasha moto wa Olimpiki mjini Atlanta. Hakujificha.

Mgonjwa apelekwe hospitali mapema. Daktari huyatambua maradhi haya zaidi kwa kumtazama na kumsikiliza, kwa hivyo anayeishi naye afuatane naye, aeleze aliyoyaona. Dawa ya kuyaondoa kabisa haijapatikana, lakini ziko za kuyatuliza, iliyo kuu ikiwa ni levodopa. Zimezwe kwa saa zake, wala zisikatizwe ghafla, maana kufanya hivyo ni hatari. Mazoezi ya viungo nayo husaidia. Dua na dawa hazigombani; Mtume wetu (S.A.W.) alihimiza kujitibu.

Na dini yetu ni nyepesi. Asiyeweza kusimama ataswali ameketi, na asaidiwe kutawadha. Asiyeweza kufunga kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona, atalisha maskini kwa kila siku.

Basi chai ikimwagika mkekani, tusifoke. Mikono hiyo ndiyo iliyotulisha sisi tulipokuwa hatujui kushika kijiko.